Toba, Kitubio na Malipizi: Maneno Matatu na Historia Yao katika Ukristo

1. Utangulizi

Mkristo wa Kalemie, wa Bukavu au wa Lubumbashi anapotaka kusema juu ya kurudi kwa Mungu baada ya kukosa, Kiswahili humpa maneno kadhaa. Anaweza kusema toba, kitubio au malipizi. Tena yapo maungamo, majuto, maondoleo na upatanisho. Maneno hayo husikika pamoja katika katekisimu na katika mahubiri, na wengi huyachukua kama kwamba yote ni mamoja. Lakini kila moja lina asili yake na lina jambo lake la kusema.

Toba ni neno la Kiarabu, tawba, ambalo shina lake lina maana ya kurejea: mtu aliyeiacha njia huirudia. Kitubio ni nomino iliyoundwa ndani ya Kiswahili chenyewe kutokana na kitenzi kutubu, kwa kufuata kanuni za Kibantu. Nayo hutaja hasa tendo la Kanisa, yaani sakramenti. Malipizi latokana na kulipa. Ni ndugu wa kulipiza, kitenzi kile kile tunachokitumia tunaposema kulipiza kisasi. Kuungama ni kukiri kwa kinywa. Kwa hiyo katika mkusanyo huu mdogo wa maneno tunayo mawazo manne: kurudi, kutimiza tendo la ibada, kulipa deni na kusema ukweli.

Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba mawazo hayo manne ndiyo yaliyoshindana katika historia ya Ukristo kwa karibu miaka elfu mbili. Swali lilikuwa hili: aliyekosa vibaya akitaka kurudi, anadaiwa nini? Deni lake hulipwa nani: Mungu, jamii ya waumini, au yule aliyeumizwa? Tena, ni nani mwenye haki ya kumfungulia mlango? Majibu yalibadilika mara nyingi, na kila badiliko lilikuwa na sababu yake.

2. Kanisa la kwanza: mlango uliofunguliwa mara moja

Wakristo wa kwanza waliamini kwamba ubatizo huosha dhambi zote. Shida ilianza pale aliyekwisha kubatizwa alipoanguka tena katika kosa kubwa, hasa kuabudu miungu, kuua au kuzini. Je, abatizwe mara ya pili? Hilo halikuwezekana. Katika karne ya 2 kitabu kiitwacho Mchungaji, kilichoandikwa Roma na Hermas, kilitoa jibu lililopokewa na wengi: baada ya ubatizo iko toba moja tu. Tertullianus wa Karthago, mwanzoni mwa karne ya 3, aliifananisha toba hiyo na ubao anaoushika mtu baharini chombo chake kikivunjika. Ubao ni mmoja. Akiuachilia, hakuna mwingine.

Toba yenyewe haikuwa jambo la siri. Mwenye kutubu alivaa gunia, akajipaka majivu, akafunga, akalia mbele ya mapadri na kuwapigia magoti ndugu zake waumini ili wamwombee. Askofu ndiye aliyempokea tena, kwa kumwekea mikono mbele ya wote. Si kwamba kila kosa dogo lilitangazwa. Lakini hali ya kuwa mtubuji ilionekana na macho ya watu wote.

Mwaka 250 jambo hilo liligeuka kuwa fitina kubwa. Kaisari Decius aliamuru kila mtu katika dola ya Roma aitolee miungu sadaka na kupewa hati ya ushahidi. Hati zaidi ya 40 za namna hiyo zimegunduliwa katika mchanga wa Misri, nazo ni za watu wa kawaida, wake kwa waume. Wakristo wengi walitoa sadaka. Wengine walinunua hati bila kutoa chochote. Wachache walikataa wakafungwa au kuuawa. Dhuluma ilipopoa, wale walioanguka walitaka kurudi. Wengi walikwenda gerezani kwa wale walioteswa kwa ajili ya imani, wakaomba kwao barua za msamaha, kisha wakazileta kanisani kama mtu aletaye cheti.

Askofu Cyprianus wa Karthago alikataa mambo mawili kwa pamoja. Alikataa kwamba barua ya shahidi yatosha bila toba. Tena alikataa msimamo wa padri Novatianus wa Roma, aliyesema kwamba aliyeikana imani hana njia ya kurudi kamwe katika ushirika wa Kanisa. Sinodi ya Karthago ya mwaka 251 iliamua kwamba kila mtu apimwe kwa jambo lake: aliyenunua hati si sawa na aliyetoa sadaka, na aliyetoa sadaka baada ya mateso si sawa na aliyekimbilia madhabahuni kwa miguu yake. Novatianus alijitenga, na kanisa lake la watu wasio na doa liliendelea kwa karne kadhaa. Cyprianus mwenyewe aliuawa kwa ajili ya imani mwaka 258. Uzito wa jambo hili tusiupuuze: waliobaki waaminifu walikuwa wamezika watu wao, na sasa walitakiwa kusimama katika ibada moja na jirani aliyejiokoa kwa kusema uongo.

3. Madaraja ya watubuji na kaisari aliyelia

Baada ya amani ya karne ya 4, utaratibu uliandikwa katika kanuni. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 uliwapangia walioanguka bila kulazimishwa na mateso miaka 3 kati ya wasikilizaji, miaka 7 kati ya wapiga magoti, na miaka 2 ya kusali pamoja na waumini bila kupokea ekaristi. Mashariki palikuwa na madaraja manne. Waliaji walisimama nje ya mlango. Wasikilizaji waliingia wakasikia masomo kisha wakatoka. Wapiga magoti walibaki hadi waombewe. Wasimamaji walishiriki ibada yote isipokuwa kukomunika. Basilius wa Kaisaria, katika barua zake za kanuni za miaka ya 370, alimwekea mwuaji wa kusudi miaka 20: 4 ya kulia, 5 ya kusikiliza, 7 ya kupiga magoti na 4 ya kusimama. Mtu aliyahama madaraja hayo hatua kwa hatua, akiukaribia mwili wa Kanisa kama mgonjwa anayejifunza kutembea upya.

Mwaka 390 utaratibu huo ulimpata mtu mkubwa kuliko wote. Watu wa Thesalonike walimwua jemadari wa kaisari Theodosius katika ghasia, na kwa hasira askari wakaachiwa kuwachinja raia. Mwandishi Theodoretus, aliyeishi karne iliyofuata, ataja watu 7000. Askofu Ambrosius wa Milano alimwandikia kaisari barua kwamba hawezi kutolea sadaka mbele yake mpaka atubu. Hadithi iliyosambaa baadaye, kwamba askofu alimzuia mlangoni kwa mkono wake, haimo katika barua hiyo. Lakini kaisari alitii: alivua alama za ufalme, akalia kanisani mbele ya watu, naye akapokewa tena wakati wa Noeli ya mwaka ule ule. Tangu siku hiyo ilijulikana kwamba hata mwenye dola ni mtubuji kama wengine. Hata hivyo toba hiyo ilikuwa kati ya kaisari, Mungu na Kanisa la Milano. Thesalonike ilikuwa mbali.

Ukali wa utaratibu huu ulizaa udhaifu wake wenyewe. Katika nchi za Magharibi aliyepita katika toba ya hadharani alibaki na vizuizi maisha yake yote: hakutakiwa kurudi katika kazi ya askari, na hata ndoa ilikatazwa au kuwekewa masharti. Tena toba ilikuwa moja tu. Matokeo yalikuwa dhahiri: watu waliiahirisha mpaka kitanda cha mauti. Dawa ikawa kali mno hata mgonjwa akaiacha kabatini. Mwaka 459 Papa Leo wa Kwanza aliwakataza maaskofu wa Campania kusoma hadharani orodha ya dhambi za watubuji, akisema kwamba yatosha kuungama kwa siri mbele ya padri, ili aibu na hofu ya maadui zisiwafukuze watu kutoka katika uponyaji.

4. Vitabu vya malipizi

Badiliko kubwa halikutoka Roma wala Konstantinopoli, bali katika monasteri za Irelandi. Huko wamonaki walizoea kumfunulia mzee wa kiroho mawazo yao mara kwa mara. Desturi hiyo waliwapa pia walei: kuungama faraghani, kwa padri yeyote, tena kila mara mtu anapoanguka. Ili padri ajue aagize nini, viliandikwa vitabu vya malipizi. Vya zamani zaidi ni kile cha Finnian katika karne ya 6, na vya Columbanus na Cummean vilivyofuata. Columbanus, aliyefariki mwaka 615, aliipeleka desturi hiyo katika Gaul na Italia, kupitia monasteri zake za Luxeuil na Bobbio.

Wengi wa maaskofu wa bara hawakufurahi. Mtaguso wa Toledo wa mwaka 589 ulikwisha kulaani zoea la watu wa Hispania la kutubu kila walipotaka. Mtaguso wa Chalon wa mwaka 813 ulilalamika juu ya vitabu hivyo ambavyo makosa yake ni ya hakika na waandishi wake si wa hakika. Na ule wa Paris wa mwaka 829 uliagiza vichomwe moto. Lakini watu walikuwa wamekwisha kuchagua. Toba isiyorudiwa iliwashinda. Toba inayorudiwa iliwafaa.

Tusidhani kwamba vitabu hivi vilikuwa orodha za adhabu tu. Msingi wao ulikuwa wa kitabibu: kinyume huponywa na kinyume chake, mlafi kwa kufunga, msemaji kwa kunyamaza, mchoyo kwa kutoa. Na katika jambo la kuua, Columbanus aliandika agizo la maana sana. Mlei aliyemwua jirani yake aende uhamishoni miaka 3 bila silaha, ale mkate na maji. Kisha arudi kwao, awatendee wazazi wa marehemu wajibu na upendo wa mwana. Ndipo apokewe altareni. Hapa malipizi si fedha wala maumivu matupu. Aliyemwondoa mwana katika nyumba anajaza pengo lile kwa mikono yake mwenyewe: anakata kuni, anachota maji, anawazika wazee siku yao ikifika. Katika maandiko yote tuliyoyataja, ni hapa ambapo aliyeumizwa anaonekana waziwazi.

Lakini palipo na kipimo hutokea pia biashara ya vipimo. Mfungo mrefu uliweza kubadilishwa kwa zaburi, kwa mikesha, kwa sadaka, na hatimaye kwa kufungiwa na watu wengine. Mtaguso wa Clovesho, Uingereza, wa mwaka 747 ulikataza matajiri kuwaweka wengine wafunge kwa niaba yao. Hata hivyo liko agizo la Kiingereza cha kale, la kabla ya mwaka 1066, linalomweleza mtu mwenye nguvu jinsi ya kumaliza mfungo wa miaka 7 kwa siku chache. Atafute watu 12 wafunge naye siku 3. Kisha atafute watu 120 mara saba, nao wafunge siku 3. Hesabu yake ni sahihi kabisa: 12 mara 3 ni 36, 840 mara 3 ni 2520, jumla ni siku 2556, yaani idadi ya siku za miaka 7. Hesabu imekamilika, lakini aliyerudi ni nani? Neno malipizi limebaki. Neno toba limetoweka.

5. Damu ya vita

Kanisa la kale lilikuwa na mashaka juu ya mikono ya askari, hata pale vita vilipohesabiwa kuwa halali. Basilius alisema kwamba mababa hawakuweka mauaji ya vitani katika fungu la uuaji. Lakini alishauri askari wakae miaka 3 bila kukomunika, kwa kuwa mikono yao si safi. Katika karne ya 10 kaisari Nikephoros Phokas wa Konstantinopoli, aliyetawala kuanzia 963 hadi 969, alitaka askari wake waliokufa vitani waheshimiwe kama mashahidi. Patriarka Polyeuktos na maaskofu wake walikataa, wakimwonyesha kanuni hiyo ya Basilius.

Magharibi pia palikuwa na mfano mkubwa. Mwaka 1066 William wa Normandia aliishinda Uingereza katika vita vya Hastings, akiwa ameungwa mkono na Papa Alexander wa Pili. Pamoja na hayo, miaka michache baadaye maaskofu wa Normandia, kwa idhini ya mjumbe wa Papa, Ermenfrid wa Sion, waliwapangia washindi toba. Ajuaye kwamba ameua mtu katika vita vile, afanye toba ya mwaka mmoja kwa kila aliyemwua. Aliyejeruhi mtu bila kujua kama alikufa, siku 40 kwa kila mmoja. Asiyejua idadi, siku moja kila juma maisha yake yote, au ajenge kanisa au kuliruzuku. Wapiga mishale, ambao hawawezi kujua mshale umemwangukia nani, wafanye Kwaresima tatu. Yaani ushindi haukufuta swali; hata aliyepigana upande uliobarikiwa aliulizwa: umeua wangapi?

Miaka thelathini haikupita kabla njia nyingine kufunguliwa. Mwaka 1095, katika Mtaguso wa Clermont, Papa Urbanus wa Pili alitangaza kwamba atakayekwenda Yerusalemu kwa ajili ya ibada tu, si kwa heshima wala mali, safari hiyo itahesabiwa kuwa toba yake yote. Vita, vilivyokuwa sababu ya malipizi, sasa vikawa malipizi yenyewe.

6. Kutoka Laterano hadi Trento

Wafalme waliendelea kutubu hadharani. Mwaka 1077 Henry wa Nne wa Ujerumani alisimama siku tatu mbele ya ngome ya Canossa, katika baridi ya Januari, akingoja Papa Gregorius wa Saba amwondolee laana. Mwaka 1174 Henry wa Pili wa Uingereza alikwenda Canterbury, akapigwa fimbo na wamonaki kwenye kaburi la askofu mkuu Thomas Becket, aliyeuawa na watu wake mwaka 1170. Lakini kwa mkristo wa kawaida njia ilikuwa nyingine. Mtaguso wa nne wa Laterano, mwaka 1215, uliagiza kila muumini aliyefikia umri wa kupambanua aungame kwa padri wake walau mara moja kwa mwaka, na kukomunika wakati wa Pasaka. Padri aliambiwa awe kama mganga mwenye busara. Na atakayeifichua siri ya maungamo avuliwe kazi na kufungiwa katika monasteri maisha yake yote.

Ndipo wanazuoni walipoanza kuuliza ni kipi kinachoondoa dhambi: majuto ya moyo, maungamo ya kinywa, au maneno ya padri. Wakati huo huo rehema, ambayo hupunguza adhabu ya muda ya dhambi iliyokwisha kusamehewa, ilizidi kuenea. Jubilei ya mwaka 1300 iliwavuta mahujaji wengi Roma. Wapo walioona hayo hayatoshi: mwaka 1260, kuanzia Perugia, na tena wakati wa tauni ya 1348 na 1349, makundi ya watu yalizunguka miji yakijipiga mijeledi hadharani, mpaka Papa Clement wa Sita alipoyalaani mwezi Oktoba 1349.

Kisha yakaja mabishano ambayo mwanafunzi wa lugha hana budi kuyatazama kwa makini, maana yalianza na neno. Katika Injili ya Kigiriki Yohane Mbatizaji na Yesu wanawaita watu kwenye metanoia, yaani kugeuza nia. Nyuma ya neno hilo liko wazo la manabii wa Kiebrania, ambao kitenzi chao ni kurudi. Tafsiri ya Kilatini ilitumia paenitentia, na amri ikawa kama kusema: fanyeni kitubio. Neno hilo la Kilatini kwa asili lilihusu majuto. Lakini katika Zama za Kati liliandikwa mara nyingi poenitentia, kwa kulihusisha na poena, yaani adhabu. Herufi moja ilibeba mzigo mzito. Lorenzo Valla katika karne ya 15, na Erasmus katika toleo lake la Agano Jipya la Kigiriki la mwaka 1516, walionyesha kwamba Kigiriki kinasema juu ya nia, si juu ya matendo ya malipizi. Martin Luther alipotoa hoja zake 95 mwaka 1517, hoja ya kwanza ilisema kwamba maisha yote ya mwamini yapasa kuwa toba, na ya pili kwamba neno hilo la Bwana haliwezi kuelezwa kuwa ni sakramenti inayotolewa na mapadri. Mwaka 1518 alimwandikia mkubwa wake, Johann von Staupitz, jinsi maana ya Kigiriki ilivyomfungua macho. Hata hivyo Luther mwenyewe hakuyafuta maungamo ya faragha. Alichokataa ni kuyafanya yawe sheria na kuhesabu dhambi moja moja.

Mtaguso wa Trento ulijibu tarehe 25 Novemba 1551. Ulifundisha kwamba matendo ya mtubuji ni matatu: majuto, maungamo na malipizi, na kwamba maondoleo hutolewa na padri kama hakimu. Muda mfupi baadaye Charles Borromeo, askofu mkuu wa Milano, alieneza kiti cha maungamo chenye kizuizi kati ya padri na mwungamaji. Toba iliyoanza katikati ya kanisa, machoni pa wote, ikaishia katika chumba chembamba chenye sauti mbili za chini.

7. Toba katika Kiswahili

Desturi hizi zilifika kwetu kwa njia moja ya kustaajabisha. Shirika la Mapadri Weupe lilianzishwa Algiers mwaka 1868 na Charles Lavigerie, ambaye tangu 1884 alikuwa pia askofu mkuu wa Karthago, yaani mrithi wa kiti cha Cyprianus. Mwaka 1885 mapadri wake waliipokea Mpala, kando ya ziwa Tanganyika. Lavigerie alikuwa amewaamuru wasibatize haraka: ukatekumeni uwe wa miaka minne, kwa hatua, kama ilivyokuwa katika Kanisa la kale. Hivyo watu wa Tanganyika walijifunza Ukristo kwa madaraja yanayofanana na yale ya karne ya 4, lakini kitubio walichopewa kilikuwa kile cha Trento.

Walihitaji maneno. Lugha iliyokuwa mikononi mwa watu wa misafara ilikuwa Kiswahili, na katika Kiswahili neno toba lilikuwa limekwisha kukaa, likiwa limeletwa na Uislamu wa pwani. Wakristo walilichukua jinsi lilivyo. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 pia humwita msikilizaji kwa kitenzi kutubu. Hapa pana jambo la kupendeza. Shina la tawba ya Kiarabu ni ndugu wa kitenzi cha Kiebrania cha kurudi. Kwa hiyo, bila mtu yeyote kupanga hivyo, mkristo msemaji wa Kiswahili alipokea neno lililo karibu na manabii kuliko lile alilokuwa nalo padri Mlatini aliyemfundisha. Erasmus alihitaji kurasa za maelezo; Kiswahili kilihitaji neno moja. Kisha, kwa ajili ya sakramenti, Kiswahili cha Wakatoliki kiliunda kitubio, na kwa ajili ya agizo la padri kikachukua malipizi. Lugha ikatenganisha mambo ambayo Kilatini kiliyafunga katika neno moja.

Maungamo ya hadharani nayo yalirudi, kwa mlango mwingine. Katika miaka ya 1930 uamsho ulioanza kati ya Waanglikana wa Gahini, Rwanda, ulienea Uganda, Kenya na Tanganyika. Waliookoka walisimama mbele ya ndugu na kutaja dhambi zao. Wengine walirudisha mali waliyoiba. Kwa upande wa Wakatoliki, Mtaguso wa pili wa Vatikano uliagiza mwaka 1963 ibada ya kitubio itengenezwe upya, na ibada mpya ilitolewa tarehe 2 Desemba 1973. Ndani yake neno upatanisho lilipewa nafasi kubwa, pamoja na ibada ya jumuiya yenye maungamo ya kila mtu peke yake. Upatanisho unakumbusha kwamba dhambi ina watu wawili walau, na mmoja wao hayumo katika kiti cha maungamo.

8. Hitimisho

Historia hii haikwenda kwa mstari mnyoofu kutoka ukali hadi upole. Kila enzi ilishika mojawapo ya mawazo manne na kuyasahau mengine. Kanisa la kale lilishika kurudi, lakini likauweka mlango karibu na kaburi. Vitabu vya malipizi viliufungua mlango kila siku, lakini vikamwachia tajiri nafasi ya kulipia mfungo wake. Trento ilitunza siri ya mwungamaji, lakini aibu ya hadharani ilipoondoka, mara nyingi aliyeumizwa naye aliondoka pamoja nayo. Wanamatengenezo walirudisha maana ya nia, lakini nia haionekani, na mwenye kuumizwa hawezi kula nia.

Swali hili si la wanahistoria peke yao. Afrika ya Kusini, kwa sheria ya mwaka 1995, iliwasamehe waliosema ukweli wote juu ya makosa ya kisiasa, bila kuwadai majuto. Rwanda, katika mahakama za gacaca zilizofanya kazi kuanzia 2002 hadi 2012, iliwapunguzia adhabu walioungama na kuomba radhi. Hizo ni taasisi za serikali, si za Kanisa; lakini yeyote aliyesoma juu ya Cyprianus na hati zake, au juu ya wapiga mishale wa Hastings, atatambua swali lile lile. Na katika mashariki ya nchi yetu, ambako wengi wameua na wengi zaidi wamezika, litaulizwa kwa Kiswahili.

Ndiyo maana yafaa kuyatunza maneno yetu yasichanganyike. Asemaye amefanya kitubio ametaja ibada aliyoitimiza. Asemaye ametoa malipizi ametaja deni alilopunguza. Aliyeungama amesema ukweli. Lakini asemaye ametubu anadai jambo kubwa kuliko hayo yote: kwamba amerudi. Na aliyerudi huonekana pale alipoondoka, kwa watu wale wale aliowaacha wakilia, kama yule mwuaji wa Columbanus aliyerejea bila silaha katika nyumba ya wazazi wa marehemu, akauliza kazi ya siku hiyo ni ipi.